Muzee wa Seva na Majina Thelathini na Saba

Katika ofisi yetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Muzee wa Seva, basi. Nilifanya kazi naye miaka mingi kuliko niliyoishi na mume wangu, na nitasema mapema asije mtu akadhani namsafisha kwa sababu amezeeka: alikuwa mgumu, mkali kwa wapiga chapa, bahili wa sifa, na siku moja majina thelathini na saba ya watoto yalipotea mikononi mwake. Mikononi mwake na mwangu. Miaka yake yote iliyofuata aliitumia kuyarudisha moja moja. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi sikuuliza kamwe. Goma hii, mtu akikuuliza ukoo wako, kwanza tazama ameshika nini mkononi.

Ofisi yetu ilikuwa ya kutafuta watoto. Vita vikishuka barabara ya Rutshuru watu hukimbia wote kwa wakati mmoja, mama ana mmoja mgongoni, mmoja mkononi, na wa tatu amemwambia ashike kitenge. Akifika Goma kitenge kipo, mtoto hayupo. Mama huyo alikuja kwetu, akakaa kwenye benchi, akatoa jina la mtoto, umri, alama ya mwilini na mahali walipoachana. Upande mwingine tulipokea majina ya watoto waliookotwa parokiani, kambini, juu ya malori ya makaa. Seva ililinganisha orodha hizo mbili, na majina yakikutana mtu alitumwa na pikipiki. Haikutokea mara nyingi. Lakini ilitokea, na nimewaona akina mama walioshindwa kuinuka kwenye benchi lile.

Seva yenyewe ilikuwa sanduku jeusi lililokwisha kutumika mahali pengine hadi wenyewe wakalichoka. Iliingilia mpaka wa Bunagana ndani ya lori la maharage, na Muzee akaisindikiza njia nzima akiwa amekaa juu ya magunia, ameipakata kama mgonjwa. Mtu wa forodha alimwuliza ni kitu gani. Akajibu kwamba ni kichwa bila mwili, na yule mtu, ambaye alikuwa na njaa ya mchana, akampitisha.

Chumba cha seva kilikuwa na dirisha moja lililozibwa kwa kitambaa chenye maji, maana vumbi la Goma ni la mlima, jeusi na jembamba, linaingia hata ndani ya yai. Feni za mashine alizisafisha kwa unyoya wa jogoo. Alijaribu brashi, akajaribu kitambaa, akarudi kwenye unyoya, na kila Krismasi tulimletea manyoya badala ya zawadi. Alijifanya kukasirika, halafu tukamwona anayachagua. Kabla ya kufungua sanduku alilishika bomba la maji kwa kiganja kizima, ili umeme uliomo mwilini mwa mtu ushuke ardhini. Aliyevaa sweta la nailoni hakuruhusiwa kuvuka kizingiti. Chakula hakukiombea sana, nilimwona mwenyewe akianza kula kabla ya amina, lakini hakuwahi kuwasha seva bila kufanya ishara ya msalaba.

Nilipoanza kazi alinikalisha mbele ya sanduku lililo wazi, akanionyesha vipande viwili vya kijani, virefu kama rula, vimesimama kwenye nafasi zao. Akaviita barette. Halafu akanionyesha diski, bamba zito la chuma. Akaniuliza tofauti. Mimi binti wa dereva wa lori, watu wetu ni wa Maniema, nilijua karbureta na ukanda wa feni, hayo mengine sikuyajua. Ndipo akasema maneno ambayo kila mpiga chapa aliyepita pale aliambiwa:

"Barette ni mikono, diski ni gunia. Mikono inapokea mbio. Lakini mutu hawezi kulala na maharage mu mikono. Akisinzia tu, yote inamwangika."

Maana yake ilikuwa hii. Jina unaloliandika linapokelewa kwanza na barette, na barette inalishika kwa muda wote umeme unapokuwepo. Umeme ukikatika hata kwa kupepesa jicho, barette haikumbuki kitu, ni kama haijawahi kusikia. Diski ni nzito na ya polepole, lakini ulichokiweka humo kinabaki hata ukiizima mwezi mzima. Kuhamisha majina kutoka barette kwenda kwenye diski aliita kulaza. "Mumelaza?" ndilo swali lake la kila jioni, na hakuna aliyetoka kabla ya kujibu ndiyo.

Kulikuwa na kitu cha tatu, betri ndogo ya duara kama kifungo cha koti, iliyokaa ndani ya mashine kwa kazi moja tu ya kuikumbusha saa na tarehe. Ilipokufa, seva iliamka asubuhi ikiamini tuko miaka mingi nyuma, na tukaandikisha watoto kumi na wawili kwa tarehe ambayo wao wenyewe walikuwa hawajazaliwa. Betri ya namna hiyo haikupatikana mjini. Muzee alienda kwa mkubwa mmoja aliyekuwa na gari la kifahari, akamwomba kumwangalizia ufunguo wake wa rimoti, akarudi na betri mfukoni. Mkubwa yule alihangaika na mlango wa gari wiki nzima. Ni mojawapo ya siku chache nilizomwona Muzee akicheka hadi kukohoa.

Lakini nyumbani kwake ndiye aliyekuwa msahaulifu kupita wote. Akitumwa sokoni kuleta sombe, majani ya muhogo, alirudi na sabuni. Siku ya harusi ya binti yake alifika misa ikiwa imekwisha, kwa sababu feni moja ilikuwa inalia na hakutaka kuiacha. Mke wake, mama mwenye maneno machache, aliwahi kuniambia kwamba anaishi na mtu ambaye kila kitu chake kinalala kazini.

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mlima wetu wa volkano ulipofunguka mara ya kwanza na moto ukashuka katikati ya mji, ofisi yetu ya zamani ilikuwa njiani. Watu walikuwa wanakimbilia mpakani na magodoro vichwani. Muzee alikimbia upande wa pili, kuelekea ofisini, akafungua sanduku, akang'oa diski, akaitia kifuani ndani ya koti. Nyumba yake iliungua na picha zote za watoto wake. Mke wake alivuka mpaka na watoto wanne peke yake, na alimpata mumewe siku ya tatu, amekaa chini ya ukuta, ameikumbatia diski. Sikumsikia mama huyo akimlaumu mbele ya watu ila mara moja, na hakuinua sauti.

"Alibebaka chuma," alisema. "Batoto nilibeba miye."

Wiki chache baadaye diski ile ilitiwa ndani ya mashine nyingine na majina yote yakaamka, hakuna hata moja lililopungua. Nadhani hapo ndipo Muzee alipopotea. Aliamini diski kuliko alivyoamini mtu yeyote, na kitu unachokiamini hivyo unaanza kukihurumia.

Sasa nieleze habari ya karatasi, maana bila hiyo hakuna atakayeelewa tulivyoweza kuwa wajinga kiasi kile. Zamani kila mtoto aliandikwa kwanza kwenye fishi ya karatasi, na fishi zilikaa kabatini. Katika uasi mmoja, wenye bunduki waliingia ofisini mchana, wakalibeba kabati. Fishi zilikuwa na jina la baba, kijiji, na mahali familia ilipojificha. Walitumia fishi hizo kutafuta watu nyumba kwa nyumba. Baba mmoja aliyekuja kwetu kumtafuta mwanawe alikutwa kwa sababu ya mwandiko wangu. Aliyeiona fishi mikononi mwao alinieleza namba saba iliyokatwa katikati, na ni mimi pekee niliyeiandika hivyo. Walimtoa ndani pamoja na shemeji yake, na hawakurudi.

Tangu hapo Muzee aliweka sheria. Karatasi humfungukia kila mtu, diski huomba neno la siri. Kwa hiyo fishi ziliandikwa, zikaingizwa kwenye mashine, majina yakalazwa, na saa kumi, baada ya yote kulazwa, fishi za siku hiyo zilichomwa kwenye mbabula, jiko la makaa lililokuwa nyuma ya nyumba. Kazi ya kuchoma ilikuwa yangu. Nilichemsha chai ya jioni kwa majina ya watoto, na niliinywa, sitadanganya.

Ofisi mpya ilikuwa mtaa wa Katindo, karibu na kambi ya wanajeshi, na hilo nalo lilimpa Muzee taabu. Nyumbani kwake walizungumza Kinyarwanda, hivyo majirani walipoogopa walimnong'ona kwamba ni mtu wa waasi. Waasi walipokuja, walimwuliza kwa nini amekaa miaka yote akiegemea ukuta wa kambi ya serikali. Kila upande ulimpa kwa mwenzake. Yeye hakujitetea. Alisema mtu akijieleza sana mbele ya bunduki, bunduki inapata muda wa kufikiri.

Basi diski ikazeeka. Ilianza kutoa mlio, kama mtu anayesaga meno usingizini, na kila ilipoandikwa mlio uliongezeka. Nyingine haikupatikana, barabara zilikuwa zimefungwa. Muzee akafanya alichofanya kwa ujuzi wake wote. Alitenga sehemu ya barette ishike majina ya siku nzima, ili diski iguswe mara moja tu, saa kumi, kwa dakika nne. Zamani tulilaza kila baada ya majina machache. Umeme wa mji ulipokuwa haueleweki, aliunganisha betri nne za malori nyuma ya ofisi, ili barette isikose moto hata dakika moja. Nilimwuliza kama hilo si kulala na maharage mkononi. Akanijibu kwamba mikono imefungwa kamba, sasa haiwezi kufunguka. Niliridhika, kwa sababu nilitaka kuridhika.

Siku yenyewe waasi walikuwa wamekaribia, na barabara ya kaskazini ilimwaga watu tangu alfajiri. Benchi lilijaa, ua ukajaa. Umeme wa mji haukuwepo, mashine ilikuwa inakula betri za malori. Hadi saa sita tulikuwa tumeandika watoto thelathini na saba. Mwenzangu mmoja wa meza ya pili aliinua kichwa akamwuliza Muzee kama tusilaze sasa, mambo yasije yakaharibika. Muzee alisikiliza diski kidogo. Akasema saa kumi.

Hapo ndipo milio ya bunduki ilipoingia upande wa kambi. Wanajeshi walikuwa wanafungasha, wengine wanavua magwanda, wengine wanaruka ukuta wetu. Mimi niliona zile fishi thelathini na saba mezani, nikamwona yule baba na shemeji yake. Sikufikiri kitu kingine chochote. Nilizibeba zote nikakimbia nyuma ya nyumba, nikazitia kwenye mbabula, nikapepea. Saa kumi ilikuwa bado mbali, majina yalikuwa hayajalazwa, na sheria ilikuwa wazi kabisa: kwanza kulaza, ndipo kuchoma. Nilichoma kwanza.

Niliporudi wanajeshi wanne walikuwa wamesimama juu ya betri. Gari lao lilikataa kuwaka. Muzee alikuwa amepiga magoti, kitu ambacho sikudhani magoti yake yanajua.

"Muniachie dakika ine, batoto yangu," alisema. "Ine tu, kisha mubebe."

Walikuwa vijana, nao walikuwa na hofu ya kufa. Mmoja alikata nyaya kwa kisu cha bunduki. Feni zilizunguka kidogo kwa mazoea, zikasimama. Muzee aliingia chumbani, akaweka kiganja juu ya sanduku, lilikuwa bado na joto, akabaki hapo hadi lilipopoa. Akina mama walikuwa wametawanyika. Niliporudi kwenye mbabula nilikuta majivu, na katika majivu hapakuwa na herufi hata moja.

Siku chache baadaye ofisa mmoja wa wale walioshika mji alikuja ofisini na walinzi wawili, akadai orodha ya watu wote waliopita kwetu. Muzee aliinuka. Alilishika bomba la maji, akafungua sanduku, akazitoa barette zote mbili kwa adabu kubwa. "Commandant," alisema, "kila jina yenye iliingia mu hii mashine ilipita apa." Na lilikuwa jambo la kweli kabisa. Ofisa alizifunga kwenye leso, akaondoka nazo, tupu kama viganja vya mwombaji. Diski ilikuwa chini ya kiti nilichokalia. Sikuinuka hadi jioni.

Nimeieleza habari hiyo mara nyingi, watu hucheka na kumsifu. Sikuieleza ile nyingine. Mkurugenzi alipouliza karatasi zimekwenda wapi, Muzee alijibu kabla yangu: "Ni miye." Alisema amechoma mapema kwa kuogopa. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake, nikaangalia sakafu. Nilikuwa na watoto watatu na mshahara mmoja, hiyo ndiyo sababu, na haitoshi.

Kisha akaanza kutembea. Sisi wapiga chapa tulikaa tukakumbuka tulichoweza. Mimi nilikumbuka majina kumi na moja, wenzangu tisa. Kumi na saba yaliyobaki aliyafuata kwa miguu, kwa pikipiki, juu ya magunia, kambi kwa kambi, hadi Bunagana kwa waliokwisha kuvuka. Kila mzazi aliyempata alimwambia ukweli: mashine ilizimika, jina la mtoto wako halikubaki, nipe tena. Baba mmoja alimpiga ngumi mbele ya kanisa. Mama mmoja alikaa chini hadi giza. Katika majina hayo kulikuwa na mvulana ambaye wiki saba nzima alikuwa analala parokiani, mitaa mitatu kutoka ofisi yetu. Mama yake alikuwa amemwandikisha kwetu asubuhi ile. Muzee alipolipata tena jina lake na kuliingiza, mtoto alikuwa amechukuliwa na familia iliyokuwa njiani kwenda kusikojulikana. Muzee alimpelekea mama huyo habari yeye mwenyewe. Hakuniambia alisema nini.

Alifika thelathini na sita. Wa mwisho alikuwa msichana, mtoto wa mama mmoja mwenye blanketi la kijani. Mimi ndiye niliyemwandika. Nakumbuka blanketi, nakumbuka kovu la moto kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, umri wa miaka minne, nakumbuka kwamba waliachana penye daraja. Jina sikumbuki. Nimejikamua kichwa miaka na miaka, na jina halitoki.

Muzee alimpata mama huyo Kalengera, ambako alikuwa amepanga chumba kando ya barabara ya Rutshuru baada ya kijiji chake kuchomwa. Lakini ilikuwa imeshapita miaka miwili, na mama alipomwona mtu wa ofisi mlangoni aliinuka akiwa na ungo mkononi. "Mumemupata?" alimwuliza. Muzee alikuwa na maneno yake tayari, yaleyale aliyowaambia wote. Badala yake akasema, "Bado, mama. Tuko tunatafuta."

Ukishasema hivyo mara moja umekwisha. Kumwomba jina ni kumwambia kwamba miaka yote hiyo hakuna aliyemtafuta mwanawe, hakuna mashine iliyolijua jina lake, na kwamba hata hilo "bado" ulilomwambia ni uongo. Majirani wa Kalengera walimwita mama huyo kwa jina la mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa amekwenda kutafuta kazi upande wa Uganda. Huyu aliyepotea hawakuwahi kumwona. Nilimshauri Muzee ajifanye anahakiki herufi. Alisema alijaribu mwaka uliofuata, na mama akamwekea sahani ya maharage na viazi, akashindwa. Alirudi kila mwaka barabara ilipopitika. Alimdanganya ofisa mwenye bunduki pasipo kupepesa macho, na mbele ya mama mwenye ungo alikuwa mtoto.

Miaka ikaenda. Mlima ulifunguka tena, na safari hiyo Muzee alibeba cherehani ya mke wake, diski akaniachia mimi. Halafu mji ukachukuliwa tena. Ofisi ilifungwa, diski zilikuwa zimevushwa mapema na zikabaki mikononi mwa wenzetu ng'ambo ya mpaka. Muzee alikuwa ameshaanguka bafuni, miguu yake ikawa ya kukalia tu. Nilienda kumwona, na nilikwenda na jambo langu, kwa sababu nilikuwa nimeona watu wengi wakifa wiki zile na niliogopa kubaki nalo.

Alikuwa mlangoni kwake, kwenye kiti cha plastiki, mtandio wa mkewe mabegani. Aliniita Mama Maniema kama zamani, akanitania kwamba nimenenepa kwa njaa ya watu. Nikamwambia moja kwa moja.

"Muzee, zile karatasi ni miye nilichoma mbele ya saa."

"Najua. Niliona moshi."

Nilimwuliza kwa nini basi alijitwika yeye. Alikunja ncha ya mtandio.

"Weye ulichoma juu uliogopa batu bauawe," alisema. "Miye nilikuwa na dakika ine saa sita. Nilihurumia chuma."

Nililia, na nilikasirika pia, maana aliniachia mzigo huo miaka yote hali alikuwa anajua. Nilimwambia hivyo. Alikubali kwa kichwa. Kisha akaniomba niende Kalengera. Barabara ya kaskazini ilikuwa imefunguka kwa sababu pande zake zote zilikuwa za mkono mmoja sasa, na yeye hakuwa na miguu. Aliniomba nimwambie mama yule kila kitu.

Nilikwenda kesho yake kwa pikipiki. Mama alikuwa amezeeka, amekaa anachambua maharage. Nilijitambulisha, nikasema kwa haraka kabla ulimi haujakwama: jina lilipotea siku ileile uliyotupa, karatasi niliichoma mimi, Muzee alikuwa anakuja kuliomba na hakuthubutu. Mikono yake haikusimama. Alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa.

"Muzee wenu alikuyaka apa mara kenda," alisema. "Hakuna ata siku moja alitaja jina ya mutoto wangu. Mutu mwenye kutafuta mutoto anamuitaka jina. Nilijua mara ya pili."

Nilimwuliza kwa nini hakumwambia.

"Angeacha kuya. Na nani mwingine iko ananiulizaka ule mutoto?"

Kisha alilitaja jina, taratibu, akangoja nilirudie. Nililirudia mara tatu. Alihesabu miaka kwa vidole akaniambia mtoto angekuwa na umri gani sasa. Alinifungia maharage kwenye mfuko nimpelekee Muzee, akauliza afya yake.

Nilirudi Goma na kupitia kwake kabla ya nyumbani. Nilimpa jina. Alilisema polepole, akalisema tena, na midomo yake iliendelea hata sauti ilipokwisha. Nikamwambia kwamba majina thelathini na saba yametimia, na kwamba kesho asubuhi nitavuka mpaka na jina hilo liingizwe kwenye diski. Aliuliza kama mama alikasirika. Nilifikiria kumficha. Tulikuwa tumefichana vya kutosha, nikamweleza yote, kwamba mama alijua tangu mara ya pili, na sababu ya kutomwambia.

Alifunika uso kwa mikono miwili. Nilidhani analia, labda alikuwa analia, sikuona machozi.

"Kila mara alinipatia chakula," alisema humo mikononi. "Nilikuwa namudanganya, na yeye ananipakulia."

Mfuko wa maharage ulikuwa mapajani mwake. Aliushika muda mrefu. Halafu akamwita binti yake jikoni, akamwambia amletee viatu vya kutembelea, vile vyeusi, anakwenda Kalengera. Binti alisimama na kijiko mkononi akaniangalia mimi. Akamwambia kwa upole kwamba papa, tangu Pasaka hujasimama. Muzee hakubishana, alinyoosha mguu mmoja tu kwa mkono, akaungoja.

Tulimvalisha mimi na binti yake. Miguu ilikuwa imevimba, tulilegeza kamba hadi mwisho. Nilipoaga jua lilikuwa linazama nyuma ya mabati, na alikuwa bado amekaa hapo mlangoni, viatu miguuni, anaangalia barabara.